Kutu Imesingiziwa

Ukitaka ubishi usioisha kwenye gereji za Ngara, usianzishe habari za siasa wala mpira. Uliza ni gari gani ambalo mtu mwenye akili timamu hapaswi kulinunua. Land Rover itatajwa kwanza kwa kuvuja oili, yatafuata magari ya Ulaya ya siku hizi ambayo taa moja ikiwaka kwenye dashibodi inabidi uende Mwanza kutafuta kompyuta. Mwishoni, kwa kicheko, litatajwa gari la Kimarekani la zamani, lile refu la kwenye sinema lenye boneti pana kama uwanja wa kuanikia kahawa. Mashtaka yake ni matatu: linakunywa mafuta, halina spea, na linaoza. Mawili ya kwanza sina ubishi nayo. La tatu ndilo linalorudiwa kila siku na ndilo lenye ushahidi dhaifu kuliko yote. Magari ya Kimarekani yaliwahi kutawala barabara za Afrika Mashariki, na yalipoondoka hayakuondolewa na kutu.

Ninasimulia haya kutoka Nyamiaga, kata ya Wilaya ya Ngara, jirani na mji wa wilaya. Ukiwa hapa, daraja la Rusumo la kwenda Rwanda na kituo cha Kabanga cha kwenda Burundi viko karibu kuliko Bukoba, makao makuu ya mkoa wenyewe. Bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Na kuvuka mpaka huku si kubadilisha fedha na lugha ya salamu tu, ni kubadilisha upande wa barabara. Tanzania tunaendesha kushoto, majirani zetu wote wawili wanaendesha kulia. Sehemu chache katika nchi hii zimekaa hivyo, katikati ya dunia mbili za magari, na ndiyo maana hadithi hii inasimulika vizuri zaidi kutoka hapa kuliko kutoka Dar es Salaam.

Bidhaa za Kimarekani zilifika bara muda mrefu kabla ya magari. Sayyid Said wa Zanzibar alitiliana saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na kufikia 1837 walikuwa na konseli wao Unguja. Walileta kitambaa cha pamba kutoka Massachusetts, kile kilichoitwa merikani hadi Unyamwezi na mbele zaidi, na baadaye wakaleta mafuta ya taa kwenye madebe. Mafuta yaliisha, debe likabaki. Lilichota maji, likapimia mahindi, likakunjuliwa kuwa mlango au paa. Lilishika kutu vizuri sana, na sijawahi kusikia mtu akilidharau kwa hilo. Lilipotoboka lililehemiwa, likaendelea na kazi.

Gari lenyewe lilianza kwa vituko. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akilenga kuvuka bara hadi Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki. Alifika tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi ishirini na moja kwa safari hiyo inaeleza hali ya njia za wakati ule kuliko ripoti yoyote ya serikali. Aliyekuwa na haraka alitembea kwa miguu.

Vita vya Kwanza ndivyo vilivyogeuza mambo. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyopitia Ruanda na Urundi yaliiteka Biharamulo, na Septemba yakaingia Tabora. Mizigo yao ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, kama ilivyokuwa kwa Wajerumani na Waingereza. Upande wa Waingereza farasi na nyumbu walikufa kwa makumi ya maelfu kwa sababu ya mbung'o, na malori mazito yakazama kwenye matope. Kilichosaidia ni Ford T, kigari chepesi cha Detroit ambacho kikikwama wanaume wachache wanakiinua na kukiweka pakavu. Ford T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na ilikusudiwa kwa ajili ya wakulima wa Marekani ambao wakati ule hawakuwa na barabara bora kuliko za kwetu. Tumbo lake lilikuwa karibu sentimita 25 kutoka chini. Chuma cha ekseli zake kilichanganywa na vanadi ili kipinde kisivunjike, na matengenezo yake mengi yalihitaji nyundo, spana na subira. Gari la Kiingereza la enzi hizo lilikuwa la kiungwana, la barabara iliyochongwa. Gari la Kimarekani lilikuwa la shamba.

Hapo ndipo ninapowashangaa wanaosema gari la Kimarekani halikuumbwa kwa ajili ya huku. Liliumbwa kwa ajili ya huku kuliko gari lingine lolote, isipokuwa waliolitengeneza hawakujua hivyo.

Baada ya vita Tanganyika ikawa ya Waingereza chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa zamani, na Bugufi ya hapa Ngara, ambayo Wajerumani waliihesabu upande wa Urundi, ikabaki upande wetu. Ungetarajia Waingereza waweke ushuru wa kuyazuia magari ya Marekani. Hawakuweza. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin 1885 na kufanyiwa marekebisho Saint-Germain 1919, ilikataza upendeleo wa ushuru katika ukanda huu wote, na masharti ya udhamini yalisisitiza hivyo hivyo. Bidhaa ya London na bidhaa ya Detroit zililipa sawa bandarini. Hata tatizo la usukani lilikuwa limepata dawa: Ford ya Kanada, iliyokuwa Walkerville, Ontario, ng'ambo tu ya mto kutoka Detroit, ilikuwa na haki ya kuuza katika makoloni ya Uingereza, na iliyatengeneza magari yenye usukani wa kulia. Gari lilikuwa la Kimarekani kwa damu na la Kifalme kwa karatasi.

Miaka ya 1920 na 1930 ikawa enzi yao. Ford na Chevrolet, na nyuma yao majina ambayo leo hayapo, kama Willys-Knight iliyotumiwa na wapiga picha Martin na Osa Johnson walipokuwa wakirekodi tembo kule Marsabit. Wengi hawakununua gari zima. Walinunua chesesi, injini na boneti, kisha karakana za Nairobi zikawajengea sanduku la mbao nyuma, lenye pazia la turubai na nafasi ya bunduki, mahema na mapipa. Malori ya kahawa na pamba yalijengwa hivyo hivyo, na utamaduni huo haukufa hadi juzi. Ndio uliozaa mabasi ya mbao ya Unguja. Kwa habari ya kutu, ona ujanja wake. Sehemu inayooza upesi kwenye gari ni bati jembamba la bodi; mafundi wetu walikuwa wameliondoa bati na kuweka ubao. Chesesi nene ilibaki na kutu yake ya juu juu miaka nenda rudi. Adui akawa mchwa, na mchwa dawa yake inajulikana.

Mwaka 1940 na 1941 Ford na Chevrolet zilikuja tena, safari hii kwa maelfu, kutoka viwanda vya Port Elizabeth, Afrika Kusini, kwa ajili ya vita vya kumtoa Mwitaliano Abisinia. Vijana wa Kiafrika waliojiunga na jeshi walijifunza udereva kwenye malori hayo. Waliporudi makwao wakiwa na leseni ndio waliokuwa madereva wa kwanza wa wafanyabiashara na wa vyama vya ushirika, na wengi walikuwa wamezoea klachi ya Chevrolet kabla ya kuijua ya Bedford.

Kisha gari la Kimarekani likatoweka, karibu ghafla. Sababu yake ilikuwa fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwenye pauni, pauni ilikuwa imechoshwa na vita, na dola zilikuwa adimu. Mwaka 1947 Uingereza ilijaribu kuruhusu pauni ibadilishwe kwa dola bila kizuizi, ikashindwa ndani ya wiki chache. Septemba 1949 pauni ikashushwa kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Miaka hiyo kuagiza gari la Marekani ukiwa Tanganyika kulihitaji kibali cha dola, na kibali hakikutolewa kwa urahisi kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua Austin, Morris au Bedford kwa pauni. Land Rover ilikuwa imezinduliwa Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya alumini kwa sababu chuma kiligawiwa kwa mgao Uingereza. Bahati ya mtende. Watu walikuja kuisifu eti Mwingereza alifikiria kutu ya tropiki, kumbe alikosa bati.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa kinyume kabisa. Ruanda-Urundi iliunganishwa na Kongo ya Wabelgiji tangu 1925, na Kongo ilikuwa na dola: shaba, kobalti, na urani ya Shinkolobwe ambayo Wamarekani waliinunua kwa ajili ya bomu. General Motors na Ford wote walikuwa na viwanda vya kuunganishia magari Antwerp, bandari ile ile iliyohudumia Kongo. Usukani wa kushoto haukuwa tatizo kwa sababu huko waliendesha kulia. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Ngara aliyevuka kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo, miaka ya 1950 aliyakuta magari ya Kimarekani mapana yamepangwa mbele ya maduka, na aliporudi nyumbani akakuta Bedford inayopiga honi ya mafua. Mvua ni ile ile, udongo mwekundu ni ule ule, kutu ni ile ile. Kilichotofautiana ni benki.

Huu ndio ushahidi ninaouona mzito kuliko wote, na nashangaa hautajwi. Kama kutu ndiyo iliyoyafukuza magari haya, ilikuwaje ikaishia kwenye mpaka wa Kabanga?

Kulikuwa na jaribio moja la kurudi, na lilishindwa mbele ya watu wote. Safari Rally ilikuwa imeanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikawa kila Pasaka. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Kampuni ya Ford ya Marekani ikaona hapo ndipo pa kujitangazia. Mwishoni mwa 1963 ilikuwa imeyakimbiza magari yake mapya aina ya Mercury Comet katika uwanja wa Daytona, Florida, kila moja maili 100,000, yaani kilomita 160,000, kwa wastani wa zaidi ya maili 105 kwa saa. Gari lililovumilia hayo, walifikiri, litashindwaje na Afrika? Wakaandaa Comet sita zenye injini ya V8 ya lita 4.7, wakazipandisha melini pamoja na mafundi na spea, wakazileta Nairobi kwa mashindano ya Pasaka ya 1964.

Comet ilikuwa mtoto asiyependwa hata kwao. Ilianza kama mpango wa gari dogo la kampuni tanzu iliyokufa, ikaanza kuuzwa 1960 bila chapa ya maana, kisha ikabandikwa jina la Mercury. Chini ya ngozi ilikuwa Ford Falcon iliyorefushwa. Ukiilinganisha na gari la Ulaya la wakati ule ilikuwa kubwa, nzito upande wa mbele na yenye nguvu za kutisha kwenye lami. Daytona ni lami tupu, tena ya duara.

Mvua ya Machi 1964 haikuwa na habari za Daytona. Magari 94 yaliondoka, 21 yakamaliza. Katika Comet sita zilifika mbili, nafasi ya 18 na ya 21, maana yake moja ndiyo iliyofunga msafara. Gari lililoshinda liliendeshwa na Peter Hughes na Bill Young, nalo, kwa mzaha wa historia, lilikuwa Ford pia: Cortina GT ya Uingereza, nyepesi, yenye injini ya lita 1.5. Mmoja wa waliohangaika na Comet mwaka huo alikuwa Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya. Mwaka uliofuata, 1965, aliingia na mdogo wake Jaswant kwenye Volvo PV544 ambayo Wasweden walikuwa wameiacha baada ya mashindano ya 1964, mkweche kwa tafsiri yoyote ile, akashinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu.

Mafundi wa leo wakisikia kisa hiki husema, umeona sasa, magari ya Marekani hayafai. Mimi nasema kilichoshindwa kwenye matope yale ni uzito na springi za barabara kuu. Kutu haili gari ndani ya siku nne. Na Ford wenyewe walikuwa wamesahau walichokijua 1908, kwamba huku gari linatakiwa liwe jepesi kiasi cha kuinuliwa na wanaume.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa sababu hayakulihusu sana gari la Kimarekani, halikuwepo. Azimio la Arusha la 1967 lilimfanya mwenye gari kubwa aonekane mshukiwa, na neno Wabenzi lilikuwa tayari mitaani. Bei ya mafuta ikaruka mwishoni mwa 1973, na magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikachukua malori na mabasi ya watu kupeleka askari Uganda. Mengine yalirudi, mengine hayakurudi. Miaka ile gari lililokuwa juu ya mawe halikuitwa bovu, liliitwa linasubiri spea. Ndipo bajeti ya 1984, wakati wa Waziri Cleopa Msuya, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza vitu bila kuulizwa wamezipata wapi. Zikaingia pikapu za Kijapani. Mjapani hajaondoka hadi leo.

Basi sifa ya kuoza ilitoka wapi? Ilitoka kwa magari ambayo huku hayakufika. Septemba 1970 Chevrolet ilizindua gari dogo liitwalo Vega, lililotengenezwa Lordstown, Ohio. Jarida la Motor Trend lililitangaza gari la mwaka 1971. Bodi yake ilizamishwa nzima kwenye birika la rangi ya kuzuia kutu, teknolojia mpya ya kujivunia, lakini hewa ilinaswa juu ya madgadi za mbele na rangi haikupafikia. Palepale matairi yakawa yanarusha theluji iliyochanganyika na chumvi, maana huko kaskazini barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Madgadi zikatoboka wakati mkopo wa gari bado unalipwa, na kampuni ikalazimika kuzibadilisha kwa gharama yake. Injini yake ya alumini, isiyo na ganda la chuma ndani ya silinda, ilichemka na kuanza kula oili. Zilitengenezwa karibu milioni mbili hadi 1977, na kuziona leo hata Marekani ni nadra.

Ila kutu ya miaka ya 1970 haikuwa na uraia. Honda nayo ilishikwa na sheria za Marekani kwa madgadi za Civic zilizooza. Magari ya Italia yalioza yakiwa bado kwenye yadi. Na hizo Corolla na Probox tunazozipanda kama michomoko, yaani teksi za kuchangia, kati ya Ngara, Kabanga na Benaco? Kuna zinazotoka sehemu za Japani zenye theluji na chumvi barabarani, na zinateremka Dar es Salaam zikiwa zimekwisha kuanza. Hazichekwi.

Twende gereji tuone. Gari likiletwa kwa tatizo la bodi, fundi halitazami rangi. Analala chini na bisibisi, anagongagonga kando ya sakafu, pale bati la sakafu linapokutana na ubavu, chini ya milango. Mlio ukiwa mkali, pazima. Mlio ukiwa mzito, anasukuma, bisibisi inazama. Ngara tuko juu, baridi na ukungu wa asubuhi vipo, mvua ni za misimu miwili, lakini chumvi hakuna. Kinachoozesha hapa ni matope mekundu yaliyoingia kwenye mikunjo ya bati na kukaa humo na unyevu wake, huku matundu ya kutolea maji yakiwa yameziba. Mwenye gari mjanja anayazibua kwa waya kila mvua zikiisha, anaosha chini kuliko anavyoosha juu, na anapaka oili chafu kwenye chesesi. Aliyechelewa atachukuliwa bati la pipa, likatwe kwa patasi, likunjwe juu ya reli ya chuma, lichomelewe, lisuguliwe, lipakwe puti na rangi. Likitoka hapo si zuri la kupigia picha, ila miguu ya abiria haigusi barabara.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha. Huko Marekani kinachoua gari la zamani lisilopendwa ni bodi. Injini ya Comet ya 1964 bado inapata vipuri vipya kwa sababu ni ndugu wa Falcon na wa Mustang za kwanza, na Mustang inapendwa na mamilioni; pistoni, kabureta, breki, springi, vyote vinatengenezwa hadi leo na vinaagizwa kwa barua pepe. Lakini ubavu wa Comet na madgadi zake ni vyake peke yake, karibu hakuna kiwanda kinachohangaika navyo, na saa za kazi za fundi wa bodi wa kule zinazidi bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo likioza linatupwa. Ngara ni kinyume. Bodi ndiyo sehemu pekee ya gari ambayo fundi wetu anaweza kuifufua kwa bati tupu, gesi na nyundo, bila kuomba kitu kwa mtu yeyote ng'ambo. Gari linaloogopwa kwa kutu lingekuwa na nafuu zaidi Nyamiaga kuliko Ohio. Litakalomtesa mwenye nalo ni bearing ya ekseli, sili ya gia, kifuniko cha distributa, vitu vidogo vya kubeba mfukoni.

Mtu akisema basi ataileta Comet yake hapa kwa ubishi, nitamheshimu lakini nitamkalisha chini tupige hesabu. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari la abiria linalipa ushuru wa forodha asilimia 25. Injini inayozidi lita 2 inaongeza ushuru wa bidhaa asilimia 10. Gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 kwa uzee wake, na juu ya jumla yote hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Tuseme TRA wamelithamini shilingi milioni 10. Forodha milioni 2.5, jumla 12.5. Asilimia 10 na 30 juu ya hapo ni milioni 5, jumla 17.5. VAT milioni 3.15. Tozo ndogondogo bado, na kodi tayari imezidi thamani ya gari. Kisha kuna safari ya kutoka bandarini hadi Ngara, na V8 ya lita 4.7 haitembei kwa harufu ya petroli. Mzee wangu mmoja wa gereji, nilipomtajia wazo hilo, aliniuliza, "Mwanangu, hilo gari utalipanda au litakupanda?" Sikuwa na jibu la haraka.

Hata hivyo siwezi kusema mwenye wazo hilo ni mwendawazimu. Watu hujenga nyumba za ghorofa vijijini ambazo hawalali hata mwezi mmoja kwa mwaka, na hakuna anayewapigia hesabu ya VAT. Gari lisilopendwa lina faida yake: haliibwi, haliazimwi na shemeji, na mwenye nalo analijua kila boliti kwa sababu hakuna mwingine wa kulijua. Sharti langu ni moja. Anunue magari mawili, moja la kutembelea na moja la kung'oa spea, na alitafute la pili kabla ya la kwanza.

Kinachochekesha ni kwamba Mmarekani hajaondoka kabisa kwenye barabara hii. Katikati ya msururu wa Scania na Howo unaopanda kutoka Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo, kilomita 90 na ushee za mwisho, mara moja moja utaona semi ya pua ndefu, Freightliner iliyomaliza kazi Marekani na kuja kuanza upya huku. Inazeeka hadharani na haichekwi, kwa sababu injini zake za Cummins au Detroit zina mafundi wanaozijua na wauzaji wanaoleta spea zake Dar es Salaam. Usukani wake wa kushoto ni karaha hadi Rusumo, na neema baada ya daraja. Rwanda ilipiga marufuku magari ya usukani wa kulia kwa miaka kadhaa kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ikaja kulegeza kwa malori, na wenye pua ndefu za usukani wa kushoto waliwatazama wenzao kwa huruma kidogo.

Burundi hawakufuata njia hiyo. Ukivuka Kabanga kwenda Bujumbura utakuta wanaendesha kulia kama walivyofundishwa na Wabelgiji, lakini magari mengi mno ni Toyota za Japani zenye usukani wa kulia, upande usio wake. Dereva anakaa ukingoni mwa barabara na hawezi kuona kinachokuja akitaka kulipita lori mlimani. Wangeweza kununua magari yenye usukani sahihi kutoka Ulaya au Marekani. Wamekataa, kwa sababu spea ya Toyota ipo kila duka na spea ya hayo mengine haipo. Abiria wa mbele, aliyekaa pale ambapo dereva angepaswa kukaa, ndiye anayechungulia kona na kusema sasa pita.